Ukishawahesabu vyura, unafanya nini tena?

Msomaji wetu mmoja wa Iringa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya wanyamapori, ameniandikia hivi: "Shikamoo Dokta. Tangu nikiwa mdogo napenda vyura, mijusi na nyoka, na nikimaliza nataka niendelee na ikolojia ya reptilia na amfibia. Nyumbani wananicheka, mama anasema nasomea mambo ya waganga. Lakini aliyenikosesha usingizi ni kaka yangu, ambaye ni mhasibu. Aliniuliza: ukishawahesabu hao vyura, unafanya nini tena? Nikakosa jibu. Naomba unieleze mtafiti wa fani hii anafanya nini hasa maisha yake yote, kama kuna ajira, na mtu wa kawaida kama mimi aanzie wapi."

Marahaba, mwanangu. Kaka yako kauliza swali zuri kuliko anavyodhani, na jibu lake fupi ni hili: ukishawahesabu, unawahesabu tena. Mwaka unaofuata unarudi palepale, msimu uleule, kwa njia ileile, unawahesabu tena. Yeye ni mhasibu, atanielewa: mizania ya mwaka mmoja haimwambii mtu kama duka linakua au linafilisika. Jibu refu ndilo hili linalofuata.

Tuanze na jirani zako. Korongo la Mto Kihansi liko kwenye miteremko ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakikagua viumbe wa eneo hilo walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwamo kwenye kitabu chochote. Dume hafiki sentimita 2, jike hafiki 3. Dunia nzima alikuwa anaishi mahali pamoja tu, kwenye hekta 2 hivi, pale ambapo maporomoko yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana. John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett wakamwandika kisayansi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Hatagi mayai majini kama vyura wengi unaowajua. Anazaa watoto waliokamilika, wadogo kuliko punje ya mchele, bila hatua ya viluwiluwi.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji yakahamishiwa kwenye njia ya umeme na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, wakazalishwe huko. Utani wa chura kupanda ndege umedumu mpaka leo, hata bungeni umewahi kufika, ila tuuache. Korongoni ukafungwa mfumo wa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga yale manyunyu, na vyura wakaanza kuongezeka. Katikati ya mwaka 2003 makadirio yalifika kama 20,000. Januari 2004, kwa kuonekana na kwa kusikika wakilia, walipatikana watano.

Watano, mwanangu. Kati ya hesabu hizo mbili ndipo ilipo kazi unayoiulizia. Kwa sababu watu walikuwa wakihesabu mara kwa mara kwa njia moja, ilijulikana kwamba anguko lilianza katikati ya 2003 na likaenda kwa kasi ya wiki, wala halikuwa la kufifia kidogo kidogo kwa miaka. Ukishajua lini, ndipo unaweza kuuliza kwa nini. Mizoga iliyookotwa ilikutwa na kuvu wa chitridi, Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye hushambulia ngozi ya vyura. Chura hufyonza maji kwa ngozi na sehemu ya hewa yake huipata hapohapo, kwa hiyo ngozi ikiharibika chumvi za mwilini huvurugika na mwisho moyo husimama. Kipindi hichohicho bwawa lilikuwa limefunguliwa kusukuma tope, na wapo watafiti walioshuku tope lenyewe pamoja na viuatilifu kutoka mashamba ya juu ya mto. Kila upande una hoja zake, na hoja zote zinasimama juu ya tarehe zilizo kwenye daftari la kuhesabia. Bila daftari hilo tungebaki na hadithi kwamba zamani palikuwa na vyura.

Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ikamtangaza kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Sasa mwulize kaka yako: ukishawarejesha, utajuaje kama wanajitegemea au wanakufa mmoja mmoja ukiwa umekaa ofisini? Unarudi kuhesabu.

Wapo wanaolalamika kwamba fedha nyingi zimemwagwa kwa ajili ya chura. Mimi naona ghali ilikuwa kuchelewa. Mtu angepewa misimu miwili ya mvua kwenye lile korongo kabla tingatinga halijafika, chura angejulikana mapema, na maji ya kumbakishia yangepigiwa hesabu kwenye michoro tangu mwanzo badala ya kuja kubanwabanwa baadaye.

Kuna mfano mwingine, wa mbali, ambao huwa nawapa wanafunzi wanaotaka matokeo ya haraka. South Carolina, Marekani, kuna dimbwi la msimu linaloitwa Rainbow Bay. Tangu 1978 watafiti wa Savannah River Ecology Laboratory wamelizungushia uzio mfupi wenye ndoo zilizozikwa, na ndoo hizo hukaguliwa kila siku, iwe sikukuu, iwe mvua. Kila mnyama anayeingia dimbwini kuzaa na kila mtoto anayetoka huandikwa. Mwaka 1991 Joseph Pechmann na wenzake walichapisha matokeo ya miaka 12 ya mwanzo. Idadi ilipanda na kushuka kwa namna ya kutisha: mwaka huu watoto maelfu, mwaka mwingine hakuna hata mmoja, na sababu kubwa ilikuwa ukame tu, hakuna mkono wa mtu. Huo ulikuwa wakati ambapo wanasayansi duniani walikuwa wameanza kupiga yowe kwamba vyura wanaisha. Ujumbe wa Pechmann ulikuwa mchungu kwa wengi: ukiangalia miaka mitatu ukaona kushuka, bado huna la kusema.

Yowe lenyewe lilikuwa la kweli, kama tulivyokuja kujua. Tathmini ya amfibia wote iliyotoka 2023 ilipitia spishi zaidi ya 8,000 na kukuta takriban asilimia 41 zimo hatarini kutoweka. Ya reptilia ya mwaka 2022, kwa spishi zaidi ya 10,000, ilitoa asilimia 21. Lakini ili useme "hii ni hatari, ile ni mabadiliko ya kawaida", ni lazima awepo mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu. Katika nchi zetu watu hao ni wachache mno. Tumejaa safari za wiki mbili.

Umeuliza mtafiti anafanya nini hasa, kwa hiyo nikupeleke msituni. Njia ya kawaida ya kupata wanyama wanaotembea sakafuni ni mitego ya ndoo. Unachimba mashimo kwenye mstari, unazika ndoo za plastiki za lita 20 mpaka ukingo wake ulingane na ardhi, na chini unakuwa umezitoboa ili maji ya mvua yasizamishe mnyama. Juu ya mstari huo, ukipita katikati ya kila ndoo, unasimamisha karatasi nene ya plastiki kwa vigingi, urefu kama wa goti, na sehemu yake ya chini unaifukia udongoni. Chura au mjusi akitembea usiku anagonga ukuta huo, hawezi kuupanda, anaufuata pembeni, anatumbukia. Alfajiri unapita ndoo kwa ndoo. Ndani utakuta majani, jongoo, panya buku mara moja moja, na kwenye kona, amejibanza chini ya jani uliloliweka makusudi ajifiche, chura wa sakafuni ambaye rangi yake ni ileile ya jani. Huingizi mkono kwanza. Unamulika, unaangalia kama kuna nge au nyoka, ndipo unaingiza. Unapima urefu kutoka puani hadi mwisho wa mwili, unampima uzito akiwa kwenye kimfuko kilichoning'inizwa kwenye mizani ya springi, unampangusa tumboni na mapajani kwa kijiti cha pamba ili maabara ikatafute chitridi, unampiga picha, unamwachia upande wa pili wa uzio. Glovu unabadilisha kwa kila mnyama, maana ukitumia moja kwa wote utakuwa wewe ndiye unayesambaza ugonjwa. Buti nazo zinasuguliwa na kuloweshwa dawa kabla ya kuhama kijito kimoja kwenda kingine.

Adui wa mitego ya ndoo, ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji, ni siafu. Wakigundua mstari wako usiku, asubuhi unakuta mifupa. Ukiwaona wanapita karibu, funika ndoo zote, upoteze usiku huo, na uandike kwamba ulizifunika. Hilo la kuandika usilipuuze. Usiku ambao mitego ilifungwa na usiku ambao mitego ilikuwa wazi lakini haikupata kitu ni vitu viwili tofauti kabisa, na mchanganuzi wa takwimu akivichanganya ataua spishi ambayo bado ipo.

Hesabu yenyewe kaka yako ataipenda. Tuseme umekamata vyura 40 kwenye kijito, ukawatia alama, ukawaachia. Baada ya siku chache unarudi, unakamata 50, na kati yao 10 wana alama yako. Kwa hiyo mmoja kati ya kila watano ana alama. Kama ulitia alama 40, basi kijito kina vyura kama 200: 40 mara 50, gawanya kwa 10. Ni hesabu ya darasa la sita, ila masharti yake ndiyo yanayokula miaka ya mtafiti. Je, hakuna aliyekufa wala kuzaliwa kati ya siku hizo mbili? Hakuna aliyehama? Alama haijafutika? Na yule uliyemkamata mara ya kwanza, hajajifunza kukukwepa? Ndiyo maana siku hizi tunarudia mara nyingi zaidi ya mbili na kutumia programu za kompyuta zinazokadiria pia uwezekano wa kumwona mnyama aliyepo. Alama nazo zina aina zake. Kuna rangi laini inayodungwa chini ya ngozi na kung'aa kwenye taa maalumu, kuna kidude kidogo chenye namba ambacho huwekwa kwa wanyama wakubwa kama chatu na kobe, na kuna madoa ya mnyama mwenyewe, ambayo ukiyapiga picha vizuri huhitaji kumdunga kitu.

Uwezekano wa kumwona mnyama aliyepo ni neno ambalo utalisikia maisha yako yote kwenye fani hii. Kuna amfibia wasio na miguu, sesilia, wanaoishi ndani ya udongo. Boulengerula taitana wa Vilima vya Taita, Kenya, hupatikana hata mashambani. Jembe likimfunua, mtu humdhania nyungunyungu mkubwa. Mwaka 2006 Alexander Kupfer na wenzake walionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitarajia: mama akiwa na watoto, ngozi yake ya nje hunenepa na kujaa mafuta, na watoto, ambao wana meno maalumu ya kazi hiyo, huichuna na kuila. Wanalelewa kwa ngozi ya mama. Mnyama wa ajabu kiasi hicho alikuwa chini ya mahindi ya watu muda wote. Mulika kurunzi usiku kucha juu ya shamba hilo, utaandika sifuri. Ili kumhesabu lazima uchimbe, tena miraba yenye ukubwa na kina kilekile, udongo wote upite mikononi. Mgongo utauma, nakwambia mapema.

Sasa kuhusu kugundua spishi mpya, kwa sababu najua ndiyo ndoto ya kila mwanafunzi anayeniandikia. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, bado inatoa spishi. Mwaka 2002 Alan Channing na William Stanley walimwandika chura wa mitini kutoka milima ya Ukaguru na kumpa jina la Churamiti maridadi, na mwenye lugha yake hahitaji kutafsiriwa. Ni furaha kubwa, sikatai. Lakini naona tunaipa sifa kupita kiasi. Jina jipya linaingia gazetini. Miaka kumi ya kufuatilia mnyama mwenye jina la zamani haiingii, na ndiyo inayomwambia mhifadhi lini ashtuke.

Zaidi ya hapo, hata majina ya zamani yana kazi. Arthur Loveridge, aliyekuja Nairobi mwaka 1914 kwenye makumbusho, akapigana vita ya kwanza huku kwetu, akafanya kazi idara ya wanyamapori ya Tanganyika kisha akaenda Harvard mwaka 1924, alikusanya reptilia na amfibia wa nchi hizi kwa wingi wa kushangaza. Mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walichapisha ulinganisho wa wanyama hao kati ya milima ya Uluguru na Usambara. Karibu miaka mia imepita. Mtu akienda leo kwenye misitu ileile, kwa uangalifu wa kujua walitafuta wapi na mwezi gani, anapata kitu ambacho fedha haiwezi kununua: hesabu ya mwanzo. Vielelezo vyenyewe viko Harvard. Wengi wetu tunavijua kwa orodha na picha za mtandaoni, na mimi hilo huniuma, lakini orodha hizo zipo wazi na mwanafunzi wa Iringa anaweza kuanza kuzisoma wiki hii.

Ajira ipo, ila usije na matumaini ya tangazo la kazi lililoandikwa "mtaalamu wa vyura". Njia ya chuo kikuu ndiyo inayojulikana zaidi. Kim Howell niliyemtaja alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya watu wanaojua kutofautisha vyura wa nchi hii leo wamepita mikononi mwake au kwa wanafunzi wake. Ipo TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, zipo hifadhi, na kwa majirani zetu kuna kitengo cha fani hii kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako Patrick Malonza amefanya kazi ndefu juu ya amfibia wa Taita. Mashirika ya uhifadhi huajiri kwa mikataba. Ruzuku ndogo za mwanzo hutolewa na mifuko kama Rufford ya Uingereza na ule wa Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi, na waombaji wa kwetu wenye wazo lililoandikwa vizuri huzipata.

Kazi inayolipa bili za wengi wetu, hata hivyo, ni tathmini ya athari kwa mazingira. Barabara, mgodi, bwawa, njia ya umeme: sheria inataka tathmini, na mshauri anatafuta mtu wa reptilia na amfibia. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo jina lako litakapojengwa au kuchafuka. Utapigiwa simu mwezi wa nane, utaambiwa una siku nne, utoe orodha. Mwezi wa nane sehemu kubwa ya nchi ni kiangazi. Vyura wamejichimbia, madimbwi yamekauka. Orodha utakayotoa itakuwa fupi, na ufupi wake utatumika kusema hapa hakuna kitu. Ukikubali kazi hiyo, andika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, sio kwenye kiambatisho, kwamba ukaguzi ulifanyika kiangazi na kwamba sifuri zako hazina uzito. Mshauri akikwambia uifute sentensi hiyo, rudisha malipo ya awali. Wenzangu wengine wataniona mkali. Chura wa Kihansi alipatikana mitambo ikiwa inajengwa, na huo ndio ukali wenyewe.

Kuna upande mwingine wa fani ambao unalipa vibaya lakini unahitajika sana, nao ni biashara ya wanyama hai. Msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, ni wa hekta mia nne hivi. Humo ndimo kwenye kitovu cha maisha ya mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, ambaye hukaa kwenye majani ya mmea wa jamii ya mkadi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimpenda, wakanunua, na wakusanyaji wakawa wanakata mmea wenyewe ili kuwafikia mijusi walio juu. Maelfu kwa maelfu walitolewa. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kumweka kwenye kiambatisho cha kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku. Hoja iliyopelekwa mezani ilihitaji vitu viwili: mijusi wangapi kwa kila mmea, na mimea mingapi imebaki. Mwambie kaka.

Mama yako tumjibu kwa heshima. Huku kwetu nyoka na kinyonga vina maneno yake, na hakuna mtu aliyewahi kushinda imani ya mama kwa hotuba. Lakini kila mama wa kijijini anajua mtu aliyeumwa na nyoka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Anayeumwa ni mkulima, mchungaji, mtoto aliyelala chini. Kujua kifutu anawinda wapi na saa ngapi, koboko anapita mashambani msimu gani, panya wakiongezeka ghalani nyoka gani anawafuata, hiyo ni ikolojia ya nyoka, na inaokoa watu kabla hawajafika hospitali kutafuta dawa ambayo mara nyingi haipo. Siku moja umweleze hivyo huku mnapanga kuni, halafu nyamaza.

Na wewe mwenyewe, nyoka wenye sumu usiwashike. Najua picha za watu wanaowashika zinapendwa mtandaoni. Karl Schmidt alikuwa bingwa wa makumbusho ya Chicago, mtu aliyeandika kuhusu nyoka maisha yake yote. Mwezi Septemba 1957 aliumwa na mtoto wa nyoka wa mitini, Dispholidus typus, ambaye yupo pia Iringa. Aliona jino moja tu limeingia, akaona si kitu, akaendelea kuandika dalili zake kwenye daftari mpaka asubuhi. Alikufa siku iliyofuata. Sumu ya nyoka huyo huzuia damu kuganda na haina haraka. Mafunzo ya kushika nyoka yapo na utayapata kwa wakati wake, mbele ya mwalimu, ukiwa na ndoano, buti na mpango wa hospitali. Vyura wanatosha kwa sasa. Kwa kazi za usiku usiende peke yako hata kama ni nyuma ya bweni, na hili nawaambia wa kiume na wa kike sawasawa.

Kuhusu vibali, usije ukaanza mradi kabla ya kuvielewa. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukiingia hifadhi ya taifa unahitaji ridhaa ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi hizo, ukiingia msitu wa hifadhi unahitaji ya TFS, wakala wa misitu, na sampuli yoyote inayotoka nje ya nchi ina karatasi zake. Anza miezi mingi kabla ya mvua. Kijijini, fika kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti, eleza unatafuta nini na utaondoka na nini. Utakapouliza nani anazijua sauti za usiku za pale, utaletewa mzee au kijana mmoja ambaye atakuokolea msimu mzima. Mlipe kwa haki na umwandike jina kwenye kazi yako.

Ila kuhesabu madimbwi ya pembeni ya chuo kwa macho na masikio, bila kukamata mtu, unaweza kuanza mvua za Novemba zikifungua kwenu Iringa. Chagua dimbwi au mfereji mmoja ambao una uhakika utaufikia kwa miguu hata ukiwa na mtihani kesho yake. Jioni moja kila wiki, kuanzia saa moja na nusu, kaa dakika tano kimya usikilize, kisha lizunguke polepole kwa nusu saa na kurunzi. Rekodi sauti kwa simu. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kama mvua imenyesha siku hiyo, joto la hewa, nani mlikuwa naye, kila uliyemwona na kila uliyemsikia. Usimjue kwa jina? Mwite "chura A", mpige picha ya mgongo, ubavu na vidole, utamjua baadaye. Jioni usiyopata kitu, andika sifuri na saa ulizotafuta. Endelea mpaka Aprili, na Novemba nyingine urudi palepale. Ukifikisha misimu miwili nitumie daftari lenyewe, usinitumie muhtasari.